Aliyetunga na Aliyeimba

Ukishika karatasi yoyote ya kwaya, iwe ya Nyamira au ya Mwanza, utakuta imepangwa vile vile. Jina la wimbo liko juu katikati. Kushoto kuna ufunguo na mapigo, Doh ni G, matatu kwa kipimo. Kulia, kwa herufi ndogo, kuna jina la mtu. Hakuna anayeuliza jina hilo linafanya nini pale. Wanakwaya wa parokia zetu huko Manga wamekua wakisoma jina la John Mgandu au la Bernard Mukasa kwenye kona hiyo, na ingawa wengi hawajawahi kufika Tanzania wanawataja watu hao kama jamaa wa nyumbani. Huyo ni mtunzi. Sauti ni yake.

Mimi kona ile ya kulia imenishughulisha tangu nikiwa kidato cha pili, na sababu ni wimbo mmoja wa kuvuna wimbi.

Shule yetu ilikuwa chini ya ukingo wa Manga, siku zile ambapo Nyamira ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kisii. Asiyeijua Manga afikirie jabali refu lililosimama juu ya migomba na majani chai, na katika jabali hilo pango ambalo wazee huliita Ngoro ya Mwaga na kulisimulia kwa sauti ya chini. Ukipanda juu unauona mji wa Kisii umelala bondeni. Mvua ikishaosha anga, unaona upande wa magharibi mstari mweupe wa Ziwa Viktoria. Nyumbani kwetu kulikuwa juu. Kwa hiyo kila nilichojifunza shuleni nilikipandisha mlima jioni, na kila nilichosikia nyumbani nilikishusha asubuhi.

Mwalimu wetu wa muziki alikuwa akituandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927 kama shughuli ya Wazungu na baadaye yakawa ya shule za nchi nzima. Tulikuwa tunaingia katika nyimbo za asili zilizopangwa kwa sauti nne. Asubuhi moja tukakuta ubao umejaa solfa. Mwandiko wa mwalimu ulikuwa mzuri, nukta zimesimama wima na vistari vimenyooka, besi chini kabisa kwa chaki ya rangi. Akatupa Doh, tukaanza kusoma sauti ya kwanza polepole. Tulipofika mstari wa pili nikaacha kusoma, kwa sababu sikuhitaji kusoma tena. Sauti ilianza juu kwenye s, ikashuka kwa hatua fupifupi, ikagusa m, ikainuka kidogo kana kwamba imesahau kitu. Niliujua mshuko huo. Niliusikia kila msimu wa wimbi kutoka shamba la bibi mmoja mzee jirani yetu, ambaye sisi watoto wote tulimwita magokoro, kama kila bibi wa Omogusii anavyoitwa.

Nikatazama kona ya kulia. Palikuwa na jina la mwalimu.

Baada ya mazoezi nilibaki nyuma nikamwambia, kwa adabu niliyoiweza, «Mwalimu, wimbo huu ni wa magokoro wa pale juu kwetu.» Hakukasirika. Alifuta chaki mikononi akasema, «Ndiyo, niliusikia kwake. Yeye anauimba. Mimi nimeutunga.»

Niliondoka na hasira ya mtoto, nikiamini nimeona wizi. Lakini maneno yake sikuweza kuyatupa, kwa kuwa nilikuwa nimeuona ubao. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne hazikuwahi kusikika katika shamba lolote la wimbi. Besi ilikuwa inadunda kama uzi mnene wa obokano, zeze letu, na teno iliingia nyuma ya soprano kwa mapigo mawili, ikiifuata kama mtu anayemwita mwenzake njiani. Kazi ile ilifanywa na mtu aliyekesha. Ikiwa hakutunga, alifanya nini?

Ndipo nilipoanza kulichunguza neno lenyewe, na nimelichunguza kwa vipindi maisha yangu yote ya ualimu.

Kutunga, kabla ya kuwa kazi ya washairi na waandishi, ni kazi ya mikono. Unatunga shanga kwenye uzi. Unatunga uzi kwenye sindano. Mvuvi hutunga samaki kwenye ukambaa akapata mtungo wa kwenda nao sokoni. Ndugu zetu wa Uganda wakisema okutunga wanamaanisha kushona, na Wazulu kule kusini wana thunga yao, nayo pia ni kushona. Lugha za Kibantu zilizotawanyika mbali namna hiyo zimebaki na shina moja na kitendo kimoja cha vidole, kupitisha uzi ili vitu vilivyokuwa mbalimbali vikae pamoja. Kutoka kwenye tunga tunapata mtunzi kwa njia ile ile tunayopata mjenzi kutoka kwenye jenga. G inageuka z mbele ya i, na mtu wa uzi anasimama mbele yetu.

Kiswahili kilipolikuza neno hili kililipeleka pande nyingi. Bunge hutunga sheria, mwalimu hutunga mtihani, mwanamke hutunga mimba, jipu hutunga usaha, na mwongo hutunga uongo. Katika matumizi hayo yote kuna kitu kinachojikusanya kidogo kidogo mpaka kiwe kitu kamili. Sioni hata mahali pamoja ambapo kutunga kunamaanisha kuumba kutoka katika utupu. Hiyo ni kazi ya Mungu, nayo ina neno lake. Mtunzi wa shanga hakuifinyanga shanga. Aliichagua, akajua ipi itangulie na ipi ifuate, akafunga fundo.

Nilipokuja kusoma mashairi ya pwani nilifurahi kukuta kwamba Waarabu walifikiri hivyo hivyo. Neno lao la shairi lenye mizani, lile tuliloliazima tukalitamka nudhumu au nadhumu, kwa asili ni kutunga lulu kwenye uzi. Washairi wa Lamu na Pate walikuwa na maneno mawili mkononi, moja la Kibantu na moja la Kiarabu, na yote mawili yakiwaonyesha shanga. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomwandikia binti yake utendi wake mwaka 1858, hakuuacha bila sahihi. Katika beti za mwisho anajitaja kuwa ndiye aliyeutunga, anataja jina la baba yake na anataja Pate. Jina liko ndani ya shairi lenyewe. Atakayelinakili atalinakili na jina, na atakayelikariri atalikariri na jina. Hakuhitaji kona ya karatasi.

Lakini Mwana Kupona alitunga maneno. Mimi nilitaka neno la anayetunga sauti, na hapo Kiswahili kina maneno mengi yanayozunguka kazi hiyo bila kuikamata peke yake. Malenga ni bingwa wa shairi na wa kuimba. Mghani ni yule anayelitoa shairi kwa mahadhi. Manju ni mkuu wa ngoma, anayetunga wimbo na kuuongoza papo hapo huku miguu ya watu inangoja. Usukumani neno hilo lina uzito mkubwa, maana vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilishindana kwa vizazi, na umati ulimfuata manju mwenye wimbo mkali. Kuna pia lahani, kutoka Kiarabu, yaani mshuko na mpando wa sauti. Waarabu kutoka hapo wana jina kamili la mtunzi wa sauti, mulahhin, aliye mtu mbali na mshairi na mbali na mwimbaji. Riad Al Sunbati akitia sauti, Ahmed Rami akiandika maneno, Umm Kulthum akiimba, watu watatu na kazi tatu. Neno hilo la lahn lina maana nyingine kwa wasomaji wa Kurani, maana kwao ni kosa la matamshi. Naona busara hapo. Anayeikunja sauti anacheza karibu sana na mahali pa kuliharibu neno.

Mombasa nayo ilikuwa na mgawanyo wake. Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, alitunga mashairi, na jamaa yake Juma Bhalo akayaimba katika taarabu, mara nyingi kwa mahadhi yaliyosafiri kutoka filamu za Kihindi. Muulize mtu wa Mombasa wimbo ule ni wa nani. Atakwambia ni wa Juma Bhalo. Muulize umetungwa na nani, naye atakwambia Ahmad Nassir. Hajikanganyi. Anajua kwamba wimbo unaweza kuwa wa mtu bila kutungwa naye.

Huku kwetu mlimani maneno yamepungua. Kwa Ekegusii kuimba ni gotera, na mwimbaji ni omoteri. Aliyeubuni wimbo, anayeuongoza na anayeupokea wote ni abateri. Waluo, majirani zetu wa bondeni, humwita mpiga nyatiti jathum, mtu wa muziki, nao hawamkati vipande. Baganda wana omuyiiya, mbunifu. Sisi tuna mwimbaji tu. Zamani nililiona jambo hilo kuwa upungufu wa lugha yangu. Siku hizi naona lilikuwa na sababu, na sababu hiyo nilipewa na magokoro mwenyewe.

Nilimpelekea karatasi. Tamasha lilikuwa limepita, na wimbo wetu ulikuwa umefika ngazi ya mkoa. Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua mboga za chinsaga, nikamwomba aniruhusu nimwimbie kitu. Nikaimba sauti ya kwanza, na mwenzangu niliyekuja naye akaimba ya pili. Alisikiliza akiwa ameshika jani moja bila kulichuma. Tulipomaliza akauliza mambo mawili, nami sijawahi kuulizwa na mwamuzi yeyote maswali mazuri kama yale.

La kwanza alimuuliza mwenzangu. «Wewe ulikuwa unasema nini?»

Mwenzangu akamwambia maneno ni yale yale ya wimbo wake.

«Siyo,» akasema. «Yake nimeyasikia. Yako sikuyasikia.»

Ilinichukua miaka kuelewa. Ekegusii ni lugha ya toni. Silabi ikipanda mahali pa kushuka, neno linageuka au linakufa. Wimbo wa asili hufuata mpando huo, ndiyo maana mtoto huelewa wimbo kabla hajafundishwa. Sauti ya kwanza ilikuwa ya magokoro, kwa hiyo ilikuwa bado inasema. Sauti ya pili ilitungwa kwa kanuni za kitabu, ikapanda ambapo neno linashuka, na masikio yake yakasikia mlio mtupu. Tatizo hilo ndilo lililoziumiza tenzi za kanisani tangu wamishonari walipofika, Wakatoliki wa Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista wa Nyanchwa muda mfupi baadaye, wakaja na sauti za Ulaya na kuzivisha maneno ya Ekegusii. Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nacho huumia kwa namna yake. Sikiliza kwaya ikiimba «neema» kwa sauti ya kigeni inayotua kwa kishindo kwenye «ma». Watu wazima wanaliimba hivyo kila Jumapili kwa imani kamili, na neno linachechemea. Kutunga sauti ni kwanza kusikiliza neno linataka kwenda wapi. Mgandu alilijua hilo, na nadhani ndiyo sababu nyimbo zake zilivuka mpaka bila pasipoti.

Swali la pili aliniuliza mimi. «Mbona mmeufunga?»

Sikuelewa. Akaimba yeye. Mstari wa mwisho, uleule tuliouimba tukitua kwenye d kama mwalimu alivyoandika, yeye aliuacha kwenye r. Akanyamaza. Sauti ikabaki inaning'inia hewani, nami bila kukusudia nikaipokea kwa mstari wa kwanza, na yeye akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndivyo. «Mkiufunga pale,» akasema, «mwenzako ataingilia wapi?»

Hapo nikamuuliza aliutunga lini. Nililitumia neno la Kiswahili, kwa kuwa Ekegusii haikunipa lingine, na alilielewa, maana alikuwa akishona vikapu na neno la soko alilijua. Akasema hakuutunga. Aliusikia kwa mama yake kule Bobasi, naye mama alikuwa ameupata kwa mke mwenzake aliyetoka Nyaribari. Huko ulikuwa wimbo wa kusaga. Mistari yake ilikuwa mifupi, kiasi cha kulisukuma jiwe mbele na kulirudisha. Alipoolewa Manga akakuta wanawake wanavuna wimbi kwenye mteremko, kila mmoja na kisu kidogo, wanakata suke moja moja na kulitia kwenye kikapu. Mkono wa kuvuna hauendi kwa mwendo wa mkono wa kusaga. Akaurefusha wimbo. Ule mwinuko mdogo wa katikati, ule unaosikika kama umesahau kitu, aliutia yeye, kwa sababu ndiyo nafasi ya kunyoosha mkono kufikia suke lingine. «Huo peke yake ndio wangu,» alisema, tena kwa fahari.

Kwa hiyo mwanamke wa Nyaribari alianza, au alipokea kwa mwingine tusiyemjua. Mama wa Bobasi akabeba. Magokoro akarefusha. Mwalimu akaongeza sauti tatu na kuufunga. Kila mmoja alitia shanga, na kila mmoja alipokea uzi ukiwa tayari na shanga. Ukimwita yeyote kati yao mtunzi husemi uongo. Ukimwita mmoja peke yake mtunzi, umewaondoa wengine kwenye uzi. Mwalimu wangu alikuwa na haki ya kuandika jina lake. Nilichoona na ninachoona bado kuwa si haki ni kona ile kuwa na nafasi ya jina moja.

Wapiga obokano wa zamani hawakuwa na shida hiyo. Nilimjua mmoja, mzee wa upande wa pili wa ukingo, aliyepiga kwenye mazishi na kwenye karamu za Desemba vijana wanapotoka jandoni. Obokano ni zeze kubwa mno. Bakuli lake la mti limewambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi nane, ambazo kale zilikuwa kano na siku hizi ni nailoni, zimefungwa kwenye mti wa juu kwa vitambaa vilivyokazwa. Mzee aliketi kwenye kigoda, akakilaza chombo, akaanza kuvisokota vitambaa kimoja kimoja huku akiimba kwa puani sauti aliyoitaka, mpaka uzi umkubalie. Shughuli hiyo ilikuwa ndefu na hakuna aliyemharakisha. Kisha, kabla ya wimbo wowote, alijitaja. Alitaja jina lake, la baba yake, la ukoo wake, na la mtu aliyemfundisha kupiga. Baada ya hapo ndipo akasema habari ya marehemu.

Waimbaji wa benga walirithi tabia hiyo hiyo. Mwanamuziki anajitaja katikati ya wimbo, anaitaja bendi, anawataja marafiki waliomsaidia. Christopher Monyoncho wa Riana Jazz, aliyefariki 2013 na ambaye santuri zake zilipigwa katika kila duka la chai kutoka Keroka hadi Nyamira, tulimjua kwa sauti yake kabla hatujaona picha yake. Watu wa mjini huona kujitaja huko kuwa majivuno. Mimi nakuona kuwa sahihi ya mtu ambaye anajua karatasi hazitamkumbuka.

Tena tuna mfano mkubwa wa taifa zima, na ninaufundisha kila mwaka. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa inakaribia uhuru, iliundwa tume ya watu watano kutafuta wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakukaa mezani wakabuni sauti. Walichukua bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, wimbo wa mama anayemtuliza mtoto, ambao Meza Moroa Galana aliwapa. Wakautia maneno ya sala na sauti za kwaya. Leo kila mtoto wa Kenya anasimama wima akiimba bembelezi. Kwangu mimi hiyo ni habari nzuri kuliko ingetungwa upya na bingwa yeyote. Watunzi ni tume, na sauti ni ya mama wa Tana. Senoga-Zake baadaye, mwaka 1986, alichapisha kitabu kuhusu muziki wa asili wa Kenya, na ukikisoma unaona mtu aliyejua deni lake kwa wale waliokuwa wakiimba kabla yake.

Upande wa pili kuna «Malaika». Wimbo huo umeizunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba na ya wengine wengi, na mpaka leo ukitaja aliyeutunga mbele ya wazee wa muziki wa Afrika Mashariki utaanzisha ubishi. Fadhili William ndiye aliyeurekodi na kujulikana nao. Adam Salim alidai hadi mwisho kwamba ni wake. Sitaki kuamua kesi hiyo. Ninachokiona ni kwamba kona ya kulia ilipogeuka kuwa mahali pa hundi, swali la nani alitunga halikuwa tena la adabu peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwaka 2016 ikaja sheria nyingine ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, ambayo inaitambua jamii kuwa mwenye mali. Nimeifurahia, kwa maana hatimaye kuna mahali pa kusema «wimbo huu ni wa Abagusii». Lakini neno Abagusii likiandikwa peke yake nalo linameza watu. Jamii haikunyoosha mkono kufikia suke. Aliyenyoosha ni mwanamke mmoja, kwenye mteremko mmoja, na mwinuko ule katika wimbo ni wake.

Nilipokuwa mwalimu wa kwaya mimi mwenyewe, nilitafuta njia. Nilianza kuziandika karatasi zangu kwa mtindo mwingine. Chini ya jina la wimbo naandika ulikotoka na kazi uliyofanyiwa, kusaga au kuvuna au kubembeleza. Mstari unaofuata ni wa aliyeniimbia, kwa jina lake kamili na kijiji chake, kama amekubali. Baadaye aliyemfundisha yeye, kama anamkumbuka. Jina langu linakuja mwisho kabisa, nami najiita mpangaji wa sauti, au mtunzi wa sauti ya pili, ya tatu na ya nne. Wanafunzi wangu huchukua kichwa hicho kirefu kwa uzito wake. Wakienda nyumbani kutafuta nyimbo, wananiletea wimbo pamoja na orodha ya watu, na mara nyingine orodha inavutia kuliko wimbo. Msichana mmoja alileta wimbo wa ribina, ngoma ya wanawake, akaufuatilia kutoka kwa shangazi hadi kwa bibi hadi kwa mwanamke aliyekuja kutoka nje ya Gusii kabisa, na familia yake ikakesha usiku mmoja ikibishana na kucheka na kukumbuka waliosahaulika.

Waamuzi wa mashindano hawakulipenda jambo hili mwanzoni. Fomu ya kujiandikisha ina mstari mmoja wa mtunzi, na mstari huo ni mfupi. Kuna mwaka tuliambiwa tuchague jina moja au tuache wazi. Tuliambatisha karatasi ya pili. Mwaka uliofuata tukaambatisha tena, na siku hizi huipokea.

Na wimbo ule wa wimbi nimeuandika upya. Sauti tatu za mwalimu wangu nimeziacha ziendelee kuwa zake, isipokuwa alto, ambayo nimeipitia neno kwa neno pamoja na wanawake wawili wa Manga waliokubali kukaa nami na kuniambia ni wapi «hawaisikii». Tulikwama sana kwenye mstari wa tatu. Mmoja wao alipendekeza alto ikae kimya hapo, iache soprano iseme, halafu iingie kwenye kiitikio. Ni wazo ambalo vitabu vya upatanifu havingenipa, na jina lake sasa limo kwenye karatasi. Mwisho tumeurudisha kwenye r. Jukwaani ni tatizo, kwa sababu wasikilizaji hawajui kama wimbo umekwisha na hawapigi makofi. Kwaya inasubiri na mwamuzi anasubiri. Siku moja katika ukumbi wa Kisii mwanamke mzima, mzazi wa mmoja wa wanafunzi, akiwa amekaa safu ya nyuma, aliupokea.